Ndege Mvumaji: Kipaji cha Kuruka na Gharama Yake

Ndugu wasomaji, wiki hii safu yetu inamzungumzia kiumbe ambaye wengi wetu hatujamwona kwa macho, na huenda tusimwone kamwe, kwa kuwa makazi yake yote yako katika bara la Amerika. Ni ndege mdogo ambaye Wahispania humwita kolibri. Waingereza walimpa jina kutokana na mvumo wa mabawa yake, nasi kwa kufuata maana hiyo tutamwita ndege mvumaji.

Sifa za ndege huyu zimeenea. Watoto wetu huzisoma vitabuni na kuja kutusimulia nyumbani: kwamba husimama hewani bila kutua, kwamba huruka kinyumenyume, na kwamba hupiga mabawa yake upesi kiasi ambacho jicho haliyaoni. Sifa hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba aghalabu husimuliwa nusu. Watu husifu uwezo wa ndege huyu na kunyamazia gharama anayoilipa kila siku ili awe nao. Sisi tungependa kuzieleza nusu zote mbili, kwa sababu nusu ile ya pili ina jambo la kutuambia sisi tunaolea watoto na kuendesha nyumba.

Ni ndege wa namna gani

Wavumaji ni wengi, zaidi ya aina 330. Wameenea kuanzia Alaska, kaskazini kabisa mwa Amerika, hadi Tierra del Fuego iliyo kwenye ncha ya kusini ya bara hilo. Aina nyingi zaidi zinapatikana karibu na ikweta, hasa katika milima ya Andes. Mdogo kuliko wote ni mvumaji nyuki wa Kuba, ambaye ndiye pia ndege mdogo kuliko ndege wote duniani. Urefu wake, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni sentimita 5 hadi 6, na uzito wake haufiki gramu 2. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina uzito wa gramu 4 hivi. Maana yake ni kwamba ndege wawili wa aina hiyo, ukiwaweka pamoja kwenye mizani, bado ni wepesi kuliko sukari tunayoitia katika kikombe kimoja cha chai. Mvumaji mkubwa kuliko wote, anayeishi katika milima ya Andes, ana uzito wa gramu 20 hivi.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia habari za ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, mwenye manyoya yanayometameta juani na anayekula utamu wa maua, atauliza: je, huyu si chozi tunayemwona katika bustani zetu? Kwa hakika wanafanana kwa sura na kwa chakula, lakini hawana udugu. Jamaa wa karibu wa mvumaji ni teleka, wale ndege wenye kasi wanaofanana na mbayuwayu. Chozi ni wa ukoo mwingine kabisa.

Tofauti yao kubwa huonekana wakati wa kula. Chozi anaweza kuelea hewani kwa kitambo kidogo, lakini desturi yake ni kutua juu ya kikonyo, kujishikiza kwa miguu, kisha kuinamisha mdomo ndani ya ua. Tukiutazama mshubiri unapochanua tutaona kwamba bua la maua yake ni imara, na linafaa kabisa kuwa kituo cha ndege mdogo. Huko Amerika, maua mengi yanayotembelewa na mvumaji huning'inia kwenye ncha za vikonyo vyembamba, na hayana mahali pa kuweka mguu. Mgeni anayetaka mbochi, yaani yale maji matamu yaliyo ndani ya ua, hana budi kula akiwa amesimama hewani. Kipaji cha mvumaji kinahusiana na haja hiyo moja: kufika mbele ya ua, kutulia pale pale kama aliyetundikwa, kunywa, kisha kurudi nyuma ili auchomoe mdomo wake.

Bawa lisilofanana na mabawa mengine

Ndege wa kawaida, tuseme njiwa, hupata sehemu kubwa kabisa ya nguvu inayomwinua pale anapolishusha bawa. Anapolipandisha, hulikunja kidogo ili lisipambane na hewa. Kwa hiyo katika kila mapigo mawili, pigo moja ndilo linalombeba, na la pili ni la kulirudisha bawa mahali pake. Ndiyo sababu ndege wengi hulazimika kusonga mbele ili wabaki juu. Wakisimama, wataanguka.

Mvumaji ameumbwa kwa namna nyingine. Mfupa wa mkono wa juu, ule ulio karibu na bega, ni mfupi mno, na sehemu kubwa ya bawa lake ni ile ambayo kwa mwanadamu tungeiita kiganja na vidole. Bega lake huzunguka kwa uhuru mkubwa. Anapoelea, halipigi bawa juu na chini kama njiwa, bali hulipeleka mbele na nyuma, karibu sambamba na ardhi, likiwa limekunjuliwa wakati wote. Kila linapofika mwisho wa safari yake hulipindua, na ncha ya bawa huchora hewani umbo la tarakimu 8 iliyolazwa ubavu.

Watu wa pwani wataelewa upesi. Mtu aliye katika maji ya kina kirefu, asiyetaka kuogelea kwenda popote ila asizame, hupeleka viganja vyake mbele na nyuma, akivipindua kila mara, na maji humshikilia. Mvumaji hufanya jambo hilohilo katika hewa, ambayo ni nyepesi mno kuliko maji. Kwa hiyo hana budi kulifanya kwa kasi kubwa sana.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mapigo hayo mawili, la mbele na la nyuma, humbeba kwa kiasi sawa, kama ilivyo kwa wadudu. Mwaka 2005, Douglas Warrick wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon nchini Marekani na wenzake walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Nature. Walinyunyiza hewani ukungu mwembamba wa mafuta ya zeituni, wakaumulika kwa mwanga wa leza, kisha wakapiga picha namna ukungu ule ulivyozunguka chini ya mabawa ya ndege anayeelea. Walibaini kwamba pigo la kushusha hubeba kiasi cha asilimia 75 ya uzito wa ndege, na pigo la kurudisha hubeba asilimia 25. Basi mvumaji yuko kati ya ndege na mdudu. Ana mifupa na manyoya ya ndege, lakini amepata sehemu ya ufundi ambao tulizoea kuuona kwa nyuki na nzi.

Ufundi huo unadai misuli. Misuli ya kifuani inayoendesha mabawa ni kiasi cha robo ya uzito wote wa ndege huyu, au hata zaidi. Katika ndege wengi, msuli unaopandisha bawa ni mdogo sana ukilinganishwa na ule unaolishusha. Kwa mvumaji, msuli huo wa kupandisha hufikia kiasi cha nusu ya mwenzake, kwa kuwa kwake hakuna pigo la bure. Mvumaji mkubwa wa Andes hupiga mabawa mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mvumaji wa koo jekundu, anayejulikana sana mashariki mwa Marekani, hupiga mara 50 hivi kwa sekunde moja. Hata kuyapiga picha mabawa hayo kulikuwa kazi. Crawford Greenewalt, mhandisi aliyewahi kuwa rais wa kampuni ya DuPont, alitumia miaka mingi akitumia taa za kumulika kwa kufumba na kufumbua ili ayanase, na mwaka 1960 akatoa kitabu chake cha picha za ndege hao.

Mambo ayafanyayo hewani

Kuelea ni mwanzo tu. Mvumaji wa Anna, anayeishi magharibi mwa Marekani na aliyepewa jina la mwanamke mmoja wa kabaila wa Kifaransa, ana desturi ya kujionyesha mbele ya jike. Dume hupanda juu sana, kisha hujitupa chini kama jiwe. Mwaka 2009 mtafiti Christopher Clark alichapisha vipimo vya miruko hiyo. Ndege alifikia kasi ya mita 27 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 98 kwa saa. Kwa mwendo huo alipita urefu wa mwili wake mara 385 katika sekunde moja, na kwa kipimo hicho cha urefu wa mwili aliishinda hata ndege ya kivita. Anapojiinua kutoka chini, mwili wake hubeba mkazo wa takriban mara 9 ya nguvu ya kawaida ya mvutano wa dunia, kiasi ambacho kinaweza kumpotezea rubani fahamu. Katika nukta hiyohiyo huutanua mkia wake kwa kitambo kidogo mno, na hewa inayopita katika manyoya ya mkia hutoa mlio mkali. Mlio huo hautoki kooni.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley walieleza namna ndege wa aina hiyo wanavyopita katika matundu yaliyo membamba kuliko upana wa mabawa yao. Ndege wengi hukunja viwiko vya mabawa yao wanapopenya kwenye nafasi finyu. Mvumaji hana uwezo huo wa kukunja akiwa anaelea. Basi ndege hao mwanzoni walipita kiubavuubavu, bawa moja likitangulia na jingine likifuata, huku wakiendelea kuyapiga. Walipokwisha kulizoea tundu, walibadili mtindo: walijirusha kwa kasi, wakabana mabawa ubavuni, wakapita kama risasi na kuyakunjua upande wa pili. Hata mvua haimzuii. Imeonekana kwamba anaweza kuutikisa mwili wake na kukung'uta maji akiwa bado angani, bila kuanguka.

Hiyo, ndugu wasomaji, ndiyo nusu ya habari ambayo husimuliwa sana. Sasa tuigeukie nusu ya pili.

Hesabu ya kila siku

Mwili unaofanya kazi ya namna hiyo huchoma chakula kwa kasi isiyo na mfano mkubwa miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo. Moyo wa mvumaji, anapokuwa kazini, unaweza kupiga zaidi ya mara 1,200 kwa dakika, ilhali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100. Kwa siku moja hunywa mbochi wenye uzito unaozidi uzito wa mwili wake, na juu yake hula wadudu wadogo na buibui, kwa kuwa sukari peke yake haijengi mwili. Kila ua lina tone dogo tu. Kwa hiyo hulazimika kuyatembelea mamia ya maua. Chakula anachokila asubuhi ndicho kinachomwezesha kutafuta chakula cha mchana. Akiba yake mwilini ni ndogo, na muda wake wa kukosea ni mfupi.

Ndege wa namna hiyo angekuwa mjinga kama angezurura ovyo. Kinyume chake, yeye hukumbuka. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa katika Milima ya Rocky nchini Kanada walitengeneza maua 8 ya bandia kwa ajili ya mvumaji wa rangi ya kutu. Baadhi yalijazwa tena dakika 10 baada ya ndege kuyanywa, na mengine yalijazwa baada ya dakika 20. Ndege walijifunza tofauti hiyo. Waliyarudia mapema yale ya dakika 10, na yale ya dakika 20 wakayasubiri. Ubongo wenye ukubwa wa punje ulikuwa unashika mahali pa kila ua, wakati ulipotembelewa, na muda wa kulirudia. Hakuenda kwenye chombo kitupu wala hakuharibu pumzi yake bure.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ndege huyu ambaye picha zote humwonyesha akiwa hewani, hutumia sehemu kubwa ya mchana akiwa amekaa. Hula kwa muda mfupi, kisha hutua juu ya kijiti na kutulia hadi tumbo limalize kazi yake. Hapo haruki wala hajionyeshi. Mtu asiyejua angedhani amechoka au ni mvivu. Kumbe kukaa huko ni sehemu ya kuruka kwake. Asingekaa, asingeweza kuelea mbele ya ua linalofuata.

Usiku wenye hatari

Mtihani mkubwa humfika jua linapotua. Maua hayaonekani gizani, naye hali tena hadi alfajiri. Laiti mwili wake ungeendelea kuwaka usiku kama unavyowaka mchana, katika usiku wa baridi angeweza kumaliza akiba yake kabla ya mapambazuko. Basi mvumaji hufanya jambo la ajabu kuliko kuruka kwake: huuzima mwili wake karibu wote. Joto la mwili, ambalo mchana huwa karibu nyuzi 40 za sentigredi, hushuka sana. Mapigo ya moyo hupungua kutoka mamia hadi makumi machache kwa dakika. Kupumua huwa kwa nadra. Akiguswa, haamki. Anayemwona angeweza kuapa kwamba amekufa. Hali hii si usingizi wa kawaida. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ndege anazizima.

Mwaka 2020 kundi la watafiti lilitoa matokeo ya vipimo vilivyofanywa kwa wavumaji wa milima ya Andes nchini Peru. Mmoja wao, mwenye manyoya meusi, aliteremka hadi joto la mwili la nyuzi 3.3. Ni kiwango kidogo kuliko vyote vilivyowahi kupimwa kwa ndege. Maji huganda kwenye sifuri. Ndege huyo alikuwa hai, nyuzi chache tu juu ya barafu, na asubuhi aliamka akaruka.

Kuamka nako si bure. Kunaweza kumchukua dakika 20 au zaidi, na hufanyika kwa kutetemesha misuli ileile ya kifua hadi joto lirudi. Kwa muda wote huo, na kwa usiku wote uliotangulia, hawezi kumkimbia adui. Ndege mwenye wepesi usio na kifani mchana ni kiumbe asiyejiweza usiku. Kila jioni huchagua kati ya hatari mbili: kufa kwa njaa akiwa macho, au kukutwa na adui akiwa amezizima. Imeonekana kwamba ndege aliyeshiba vizuri hazizimi sana, au hazizimi kabisa. Jinsi usiku wake utakavyokuwa hutegemea jinsi mchana wake ulivyokwenda.

Safari ndefu nayo hufuata kanuni hiyo ya kupima na kujiandaa. Mvumaji wa koo jekundu, mwenye uzito wa gramu 3 hivi, huhama majira ya baridi yanapokaribia. Wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko, kiasi cha kilomita 800 za maji matupu, bila kituo chochote, kwa muda wa karibu siku nzima mchana na usiku. Lakini hawaondoki wakiwa na gramu 3. Siku za kabla ya safari hula hadi uzito wao unakaribia kuwa maradufu, na nyongeza yote ni mafuta. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mvumaji haanzi mbio zake kabla ya kuujua umbali wa ukingo.

Binadamu walipojaribu

Mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani, kwa fedha za wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, ilionyesha chombo kidogo cha upelelezi kilichoigwa kutoka kwa mvumaji. Kilikuwa na uzito wa gramu 19, kilipiga mabawa, kilielea, kiligeuka, na kilibeba kamera. Ilikuwa kazi kubwa ya uhandisi. Chombo hicho kiliweza kuelea kwa dakika 8 mfululizo kwa nguvu ya betri yake. Kisha betri ilikwisha.

Hatusemi hivyo ili kuwadharau wahandisi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha palipo na ugumu. Kutengeneza bawa linaloelea kumewezekana. Kilichobaki kigumu ni kulilisha. Nguvu ya kuruka ikipatikana, swali linalofuata mara moja ni hili: itatoka wapi, itadumu kwa muda gani, na itarudishwaje ikiisha? Ndege wa gramu 3 amelijibu swali hilo kwa maua, kwa kumbukumbu, kwa kijiti cha kukalia na kwa usiku wa kuzizima.

Kwa kuwa hesabu yake ni finyu, akiondolewa kitu kidogo huumia sana. Katika kisiwa cha Robinson Crusoe, kilicho mali ya Chile katika Bahari ya Pasifiki, anaishi mvumaji asiyepatikana mahali pengine popote duniani, naye yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Hakuwindwa kwa bunduki hadi akaisha. Mimea ya kigeni ilisonga ile ya asili iliyomlisha, na paka walioletwa na watu wakawa adui asiyemzoea. Mabawa yake ni yaleyale. Kinachopungua ni maua na usalama.

Huko Marekani watu wengi huwatundikia ndege hawa vyombo vya maji ya sukari uani mwao. Wataalamu huwaelekeza watie sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, wasitie asali wala rangi, na wakisafishe chombo mara kwa mara, kwa sababu maji yaliyochacha humdhuru ndege. Wema wenyewe unahitaji kipimo.

Neno kwa familia

Sisi Waislamu tumezoea kuelekezwa tuwatazame ndege walio juu yetu, jinsi wanavyokunjua mabawa na kuyakunja, nasi tukazingatia. Katika mazingatio hayo, tunaona kwamba habari ya mvumaji inagusa jambo moja linalotokea katika nyumba zetu nyingi.

Kila familia ina mtu wake mwenye uwezo. Huenda ni mtoto anayeshika masomo upesi kuliko wenzake. Kwa kuwa anaweza, tunamwongezea: shule asubuhi, madrasa alasiri, masomo ya ziada jioni, na mwisho wa wiki pia. Tunapomkuta ameketi tu, hana kitabu mkononi, tunamgombeza kwamba anapoteza wakati. Huenda ni dada mkubwa, au mama, ambaye kila shughuli humwangukia yeye. Mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kulala hospitali. Harusi ikija, yeye ndiye wa jikoni. Ugomvi ukizuka, yeye ndiye wa kupatanisha. Tukiulizwa kwa nini yeye, tunajibu kwa sifa: yule anaweza. Hatujui ni lini alilala vizuri mara ya mwisho, wala hatujawahi kumwuliza.

Hatumfananishi mtu na ndege kwa kila jambo. Mtu ana akili, ana majukumu, na ana thawabu ya kujitolea. Lakini mwili wa mwanadamu nao una hesabu yake, na kipaji hakiifuti hesabu hiyo. Kinyume chake, mwenye uwezo mkubwa ndiye anayetumia zaidi, na kwa hiyo ndiye anayehitaji zaidi kurudishiwa. Mtoto mwepesi wa kuelewa anahitaji usingizi wake wote, na pengine kuliko wengine. Dakika anazoketi kimya chini ya mti baada ya masomo huenda ndizo zinazomwezesha kuyashika masomo yanayofuata.

Basi tunawaomba wazazi walifanye jambo dogo wiki hii. Mtazameni yule ambaye nyumba inamtegemea. Kabla ya kumpa kazi nyingine kwa kuwa anaweza, mwulizeni amekula saa ngapi, na amelala saa ngapi. Kisha mwondoleeni mzigo mmoja, akae kijitini pake kidogo, pasiwe na mtu wa kumwuliza kwa nini ameketi.

Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.